Leseni ya udalali wa nyumba Marekani: tume inataka nini, na watu wanakwamia wapi?

Mpangaji

Wakuu, habari za leo. Naomba kueleweshwa na wanaoijua kazi ya udalali wa nyumba hapa Marekani, hasa upande wa leseni.

Kila ninapouliza napewa jibu tofauti. Huyu anasema darasa ni saa 180, yule anasema 63, mwingine 90. Kuna wanaodai ukifaulu mtihani leo, kesho unauza. Wengine wanadai leseni ikitoka inabaki karatasi tu mpaka upate broka wa kukudhamini. Halafu hili neno Realtor: ni cheo, ni leseni au ni chama?

Nalenga Texas, ingawa Florida na Minnesota sijazifuta. Nataka kujua hatua zenyewe kwa mpangilio wake, tume inachunguza nini, mtihani ukoje kwa mtu aliyezoea mita na hekta, na mambo gani yanawaponza watu wakishapata leseni. Majina ya shule msinitumie, matangazo yao nimeshayaona ya kutosha.

Kitasa

Mkuu, tuanze na neno "tume", maana Kiingereza kimewachanganya wengi. Kamisheni ni pesa unayolipwa nyumba ikiuzwa. Tume ni chombo cha jimbo kinachotoa leseni na kuifuta. Kwa Kiingereza yote mawili ni "commission", ndiyo maana ukitafuta mtandaoni unaletewa mjadala wa asilimia tatu wakati umeuliza sheria.

Hakuna leseni ya Marekani nzima. Kila jimbo lina sheria yake na chombo chake, kwa hiyo hao waliokupa majibu matatu hawakukudanganya: 180 ni Texas, 63 ni Florida, 90 ni Minnesota. Na si kila jimbo lina tume. Texas, Florida, Georgia na North Carolina zina tume. California ina idara, na mkuu wake ndiye anayeitwa kamishna. New York leseni inatoka Department of State, Minnesota inatoka idara inayosimamia pia bima na benki. Ukikaa kutafuta tume ya Minnesota utakesha.

Sasa Texas. Chombo kinaitwa Texas Real Estate Commission, kwa kifupi TREC. Uwe na miaka 18, uwe raia au mgeni aliyeingia nchini kihalali, na upite uchunguzi wa uaminifu. Masomo ni kozi sita za saa 30 kila moja: misingi ya biashara ya nyumba na ardhi sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, sheria ya uwakala, sheria ya mikataba, fomu za mikataba za tume, na fedha za nyumba. Kozi ya sheria ya mikataba na ile ya fomu za mikataba zina majina yanayofanana lakini ni mbili tofauti. Ukisoma moja ukadhani umemaliza zote, maombi yako yatakaa yakisubiri cheti cha pili. Kabla hujalipa ada hakikisha shule iko kwenye orodha ya tume yenyewe. Tangazo la shule si ushahidi.

Ukimaliza kozi unatuma maombi kupitia tovuti ya TREC, unalipa ada, unapakia vyeti. Maombi yanadumu mwaka mmoja tangu siku ya kutuma. Ndani ya mwaka huo lazima vyeti vikubaliwe, alama za vidole zichukuliwe, na mtihani uupite. Mwaka ukiisha kabla hujamaliza, unaanza upya na ada unalipa tena. Kwa hiyo usitume maombi mapema ili tu ujione umeanza.

Kitu kinachowakwamisha watu wa kwetu kuliko vyote ni majina. Pasipoti inasema Ali Hassan Juma, kadi ya Social Security imeandikwa Ali Juma, leseni ya udereva imemfanya Hassan kuwa jina la ukoo, na cheti cha shule kina Ali H. Juma. Kwa mfumo wa kompyuta hao ni watu wanne. Alama za vidole hupokelewa chini ya jina moja, maombi yako chini ya jingine, na faili halisogei. Kwenye mtihani ndiyo kabisa: jina la kitambulisho lisipofanana na la kwenye booking, unarudishwa mlangoni na ada imekwenda. Chagua kitambulisho kimoja, halafu shule, maombi, vidole na mtihani vyote vifuate tahajia ile ile, herufi kwa herufi.

Kuhusu makosa ya zamani: fomu inauliza, na unajibu yote, hata kesi ambayo mwanasheria alikuambia "imeisha". Mtu mwenye kosa la zamani aliloliandika mwenyewe mara nyingi hupata nafasi ya kujieleza. Aliyelificha likaibuka kwenye vidole ana shida ya pili, uongo kwenye maombi, na hiyo ndiyo inayomwangusha. TREC wana utaratibu wa kukupimia rekodi yako kabla hujatumia pesa kwenye kozi. Mwenye wasiwasi aanzie hapo.

Ukifaulu, leseni inatoka ikiwa haifanyi kazi. Hao waliokuambia "karatasi" walikuwa sahihi. Inaanza kufanya kazi pale broka mwenye leseni hai, yaani dalali wa ngazi ya juu anayesimamia mawakala, anapokubali kukudhamini ndani ya mfumo wa tume. Mdhamini akiondoka, au leseni yake mwenyewe ikiisha muda, na yako inalala siku hiyo hiyo hata kama una wateja watano njiani. Kuna mawakala waliojua hilo baada ya mnunuzi kusaini.

Realtor si leseni. Ni alama ya biashara ya chama cha binafsi, National Association of Realtors, kilichoanzishwa 1908. Wakala mwenye leseni asiye mwanachama ni wakala halali, ila hawezi kujiita Realtor. Wengi hujiunga kwa sababu maeneo mengi mfumo wa MLS, ambao madalali wanaorodheshea nyumba, uko mikononi mwa vyama vya huko huko.

Kenchi

Nijaze upande wa mtihani.

Texas una sehemu mbili, ya taifa na ya jimbo, na kila moja ina alama zake. Ukipita moja ukafeli nyingine, unarudia ile uliyofeli tu ilimradi maombi yako bado hai. Ukifeli mara tatu huruhusiwi kukaa tena mpaka usome saa 30 za ziada kwa sehemu iliyokushinda, au 60 kama zimekushinda zote mbili. Florida ni karatasi moja ya maswali 100, unahitaji 75. California ni maswali 150 kwa saa tatu, na unapita kwa asilimia 70.

Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi. Kinachoangusha ni vipimo. Kariri hivi mpaka viingie usingizini: ekari moja ni futi za mraba 43,560, maili ni futi 5,280, na kipande kinachoitwa section ni ekari 640. Aliyekulia kwenye hekta akiona "futi 198 kwa 220" anaanza kubadili kwenda mita, na hapo ndipo anapopotea. Zidisha tu: 198 × 220 = 43,560. Ekari moja kamili. Watunga mitihani wanapenda namba zinazotoka sawasawa, kwa hiyo jibu lako likiwa na desimali ndefu rudi uangalie swali.

Swali jingine la kila mtihani ni kugawana kodi ya mali (property tax, si kodi ya kupanga) siku ya kufunga mauzo. Tuseme kodi ya mwaka ni dola 7,300, ambayo ni dola 20 kwa siku ukigawa kwa 365. Mauzo yanafungwa Machi 31 na kodi ya mwaka huo haijalipwa. Muuzaji amekaa siku 31 + 28 + 31, jumla 90, kwa hiyo anamwachia mnunuzi dola 1,800. Mtego uko sehemu mbili: je, mwaka unahesabiwa siku 365 au 360, na je, siku ya kufunga ni ya muuzaji au ya mnunuzi? Swali lenyewe huwa linasema. Watu hulisoma mbio mbio.

Halafu msamiati. Maneno ya jozi yanawachanganya hata wenye Kiingereza cha kuzaliwa nacho: grantor na grantee (anayehamisha umiliki na anayehamishiwa), lessor na lessee (mpangishaji na mpangaji), mortgagor na mortgagee (wa rehani). Kanuni ni kwamba anayeishia na -or ndiye anayetoa, wa -ee anapokea. Jozi ya mwisho ndiyo inayoua. Wengi wanafikiri mortgagor ni benki kwa kuwa benki imetoa pesa. Hapana. Kinachotolewa hapo ni rehani, na rehani inatolewa na mkopaji juu ya nyumba yake. Benki ndiyo mortgagee.

Ushauri mmoja wa kuchosha lakini wa kweli: usiache zaidi ya wiki tatu kati ya kozi ya mwisho na mtihani. Sehemu ya jimbo ina vitu vya kukariri ambavyo havina mantiki ya kujishikiza, siku ngapi, fomu ipi, nani anamjulisha nani. Vinayeyuka haraka.

Bawaba

Kitasa kamaliza Texas. Mimi niongeze kwamba usilinganishe majimbo kwa saa za kuanzia tu. Angalia na wanachokudai baada ya leseni.

Florida inaonekana nyepesi kwa saa zake 63, lakini kabla ya kuhuisha leseni mara ya kwanza unadaiwa saa 45 nyingine. Usipozimaliza, leseni haisimamishwi, inabatilika. Ukiitaka tena ni kozi na mtihani kuanzia mwanzo. North Carolina ni saa 75 kuanzia, kisha 90 ndani ya miezi 18. Texas leseni ni ya miaka miwili, na uhuishaji wa kwanza unataka saa 90 za ziada pamoja na kozi mbili za mabadiliko ya sheria. Baada ya hapo ni saa 18 kila miaka miwili. Gawa hizo 90 mapema, kozi moja ya saa 30 kila baada ya miezi saba hivi. Anayesubiri mwezi wa 23 anajikuta anasoma usiku wakati leseni inahesabu siku.

Minnesota kozi ni tatu za saa 30: ya kwanza unaisoma kabla ya mtihani, mbili zilizobaki kabla ya kuomba leseni. California ni kozi tatu za saa 45, jumla 135, na leseni inakaa miaka minne. California pia inapokea namba ya mlipakodi ya ITIN kwa asiye na Social Security, jambo ambalo wengi hawalijui.

Majina ya ngazi nayo yasikupumbaze. Texas anayeanza ni sales agent. Florida ni sales associate. North Carolina mtu wa siku ya kwanza anaitwa broka, ila wa muda. Washington na Colorado wote ni mabroka, na msimamizi ndiye mwenye neno la ziada mbele ya cheo. Kwa hiyo ukiona kadi imeandikwa "broker" usidhani ni bosi mpaka ujue imetoka jimbo gani.

Kuhama: Texas haina makubaliano ya kutambua leseni za majimbo mengine. Florida inayo na majimbo kadhaa, ikiwemo Georgia, ambapo mwenye leseni ya huko anafanya mtihani mfupi wa sheria za Florida, maswali 40, anapita kwa 30. Ila uwe mkazi wa nje ya Florida wakati unaomba. Ukihama kwanza ndipo uombe, umeshajifungia mlango.

Na cheti cha sekondari: Florida na Georgia wanakitaka, au kinacholingana nacho. Cha kidato cha nne au cha sita cha nyumbani anza kukitafutia tathmini mapema, kwa sababu hiyo foleni haiko mikononi mwa tume.

Mpangaji

Mmenifungua macho, ahsanteni sana. Mawili yamebaki. Kwanza, ndugu na marafiki watakaoniletea wateja, naruhusiwa kuwatoa kitu kidogo? Pili, naona watu wa hapa Texas wanauza viwanja vya nyumbani kwenye magrupu ya WhatsApp, Kajiado, Kigamboni, huko kote. Hao nao wanahitaji leseni, au kwa sababu ardhi iko Afrika haihusu?

Lenta

Maswali yote mawili yanagusa kitu kimoja, nani anaruhusiwa kupokea pesa ya udalali, na hapo tume hazina mzaha.

Kwanza pesa inavyotembea. Wakala halipwi na mteja moja kwa moja. Kamisheni inaingia kwa broka mdhamini, naye anakugawia kwa makubaliano yenu. Nyumba ya dola 320,000, kamisheni ya upande wako ikiwa asilimia 3, ni 9,600. Mgawanyo wenu ukiwa 70 kwa 30, wewe unapata 6,720. Hapo kodi bado, na kwa kuwa wewe si mwajiriwa, hakuna anayekukatia. Kiwango cha kodi ya kujiajiri peke yake ni asilimia 15.3, kabla ya kodi ya mapato. Ile 6,720 isipotengwa sehemu siku inapoingia, Aprili, kodi inapodaiwa, inakuwa mwezi wa kukopa. Na mteja akikuandikia hundi ya jina lako kwa upendo tu, usiipokee. Iende kwa broka.

Sasa ndugu. Asiye na leseni hapewi sehemu ya kamisheni, uite "chai", "asante" au "nauli". Texas sheria inaruhusu zawadi ya kitu, si fedha, isiyozidi thamani ya dola 50. Kikapu cha matunda sawa, hundi ya dola 300 hapana. Mwenye leseni ya jimbo jingine anaweza kupata fungu la kuelekeza mteja, lakini linatoka kwa broka wako kwenda kwa broka wake. Juu ya hayo kuna RESPA, sheria ya taifa ya 1974, inayokataza malipo ya kupelekeana wateja kwenye huduma za mauzo ya nyumba yenye mkopo. Afisa mikopo akikulipia matangazo ili umpelekee wanunuzi, mmeingia humo wote wawili.

Viwanja vya nyumbani: hapa wengi wanashangaa. Sheria ya Texas inaposema mali isiyohamishika inataja wazi kuwa ni iliyo ndani au nje ya jimbo. Kwa hiyo aliyeketi Houston, akimtafutia mtu mwingine mnunuzi wa kiwanja cha Kigamboni kwa malipo, anafanya kazi ya broka Texas. Anayeuza kiwanja chake mwenyewe ni jambo jingine. Kufanya kazi hiyo bila leseni ni kosa la jinai la daraja A: faini hadi dola 4,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote. Tume nayo inaweza kutoza faini yake ya kiutawala. Mlalamikaji anaweza kudai kuanzia kiasi cha kamisheni uliyopokea hadi mara tatu yake, na wewe usiye na leseni huna mahakama ya kudaia kamisheni ambayo hukulipwa. Bado sijagusa sheria ya ardhi ya kule kiwanja kilipo na suala la uraia wa mnunuzi. Hayo ni ya wakili wa kule.

Jingine linalotuhusu sisi zaidi ni matangazo. Sheria ya usawa katika makazi ya 1968 inakataza kubagua kwa rangi, dini na asili ya mtu. Jinsia iliongezwa 1974, ulemavu na familia yenye watoto 1988. Tangazo la "nyumba ya kupanga, Waswahili tu" au "inafaa familia ya Kikristo" ni kosa hata likiwa kwa Kiswahili kwenye grupu la watu 40. Misamaha midogo aliyo nayo mwenye jengo dogo la kupangisha haigusi matangazo. Na mteja akikuuliza "mtaa gani una watu wetu wengi?", swali ni la kawaida kabisa, lakini ukimjibu kwa kumwendesha kule unakuwa umemchagulia makazi kwa asili yake. Mwambie achague mtaa mwenyewe, wewe umtafutie kwa bei, vyumba na umbali wa kazini. Mteja kutoka kwenu kukuuliza hivyo hakukusamehe.

Pia poster zako za WhatsApp na Facebook: Texas jina la broka lazima lionekane, kwa ukubwa usiopungua nusu ya maandishi makubwa zaidi ya mawasiliano yako. Jina lako kama bango la harusi halafu broka kama chungu pembeni, hilo ni lalamiko jepesi kuliko yote kwa mshindani wako kulipeleka.

Kitasa

Lenta kasema vizuri. Niongeze tume inavyofanya kazi siku lalamiko likiingia, kwa sababu watu huiogopa mahali pasipostahili na kuipuuza inapostahili.

Tume haiamui kama nyumba iliuzwa ghali, wala haikurudishii kamisheni broka wako akikunyima. Ugomvi wa asilimia kati yenu ni wa mkataba wenu, upelekeni huko. Tume inaangalia leseni: ulificha kasoro uliyoijua, ulishika pesa za mtu vibaya, ulimwakilisha nani, ulitoa notisi? Texas ukiombwa nyaraka na tume una siku 14. Kukaa kimya ni kosa peke yake, hata kama lalamiko lenyewe lilikuwa la uongo. Kumbukumbu za kila muamala zihifadhiwe miaka minne, na meseji za WhatsApp ni kumbukumbu. Ukibadilisha simu bila kuhamisha mazungumzo, umechoma faili lako mwenyewe.

Pesa za watu ndiyo kaburi la leseni nyingi. Arbuni ya mnunuzi Texas kwa kawaida inakwenda kwa kampuni ya hatimiliki ndani ya siku tatu tangu mkataba kuanza. Wakala akiambiwa "kaa nayo mpaka Jumatatu", hakai nayo. Florida wakala anamkabidhi broka kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha, na broka anaiweka kwenye akaunti ya amana ndani ya siku tatu za kazi. Hakuna anayekuuliza kama uliila. Kuichanganya na pesa yako hata kwa usiku mmoja kunatosha. Hatari zaidi ni usimamizi wa nyumba za kupangisha, ambako dhamana za wapangaji zinakaa miezi kumi na miwili zikimtazama mtu mwenye deni la gari. Majimbo mengi yana mfuko wa kufidia wateja waliodhulumiwa. Wa Florida unalipa hadi dola 50,000 kwa muamala, na ukishalipa kwa ajili yako, leseni yako inasimama mpaka uurudishie mfuko pamoja na riba.

Kosa jingine ni la watu wenye roho nzuri: kujifanya wakili. Texas unatumia fomu za tume na kujaza nafasi zilizo wazi. Mkataba wa kawaida wa nyumba una aya ya 11, masharti maalumu, nayo ni kwa maelezo ya ukweli na ya kibiashara tu. Mteja anataka muuzaji aache friji? Kuna fomu yake. Ukiandika mwenyewe pale "muuzaji atarekebisha paa hadi mnunuzi aridhike", umeandika kifungu cha sheria bila kuwa mwanasheria, na neno "aridhike" litawapeleka wote mahakamani. Nawe utaitwa.

Kenchi

Kwenye kuchagua broka mdhamini, usitazame mgawanyo peke yake. Uliza: kuna ada ya mwezi hata nisipouza? Bima ya makosa ya kitaaluma nalipa mimi au ofisi, na kwa kila muamala au kwa mwaka? Kamisheni ya ofisi ina ukomo kwa mwaka? Nani atausoma mkataba wangu wa kwanza kabla haujasainiwa, na anapatikana Jumamosi jioni? Na nikiondoka, wateja niliowaorodhesha wanabaki kwa nani? Hilo la mwisho lipate kwa maandishi, kwa sababu mikataba ya kuuza nyumba ni ya broka, si yako. 90 kwa 10 na hakuna wa kukusomea mkataba ni ghali kuliko 60 kwa 40 na mtu anayepokea simu.

Tangu Agosti 17, 2024 pia, kutokana na suluhu ya kesi ya chama cha Realtors, wakala anayetumia MLS ya chama hicho anasaini makubaliano na mnunuzi kabla ya kumtembeza ndani ya nyumba, na malipo yake yawe yameandikwa kwa kiasi kinachoeleweka. Malipo ya wakala wa mnunuzi hayatangazwi tena ndani ya MLS. Kozi za zamani ulizonunua kwa bei ya kutupa bado zinafundisha utaratibu uliokufa. Angalia tarehe.

Bawaba

Nyongeza ndogo kwa atakayesoma baadaye: leseni ya udalali haikupi ruhusa ya kumtafutia mteja mkopo. Hiyo ni leseni nyingine kabisa, inapitia mfumo wa taifa wa NMLS chini ya sheria ya 2008, saa 20 za darasa na mtihani wake. Kumweleza mnunuzi aende benki akapate barua ya idhini ni sawa. Kukaa naye mezani ukimjazia masharti ya mkopo na kujadili riba kwa malipo, hapana.